Maskani ya Njiani: Tarehe ya Mzigo na Gari Katika Nchi ya Uluguru

Mtu akaaye Morogoro, akiwa amejaaliwa wasaa kidogo wa mali, akakusudia kununua gari la mizigo lililokwisha kutumika na kulikabidhi kwa seremala na fundi wa chuma walitilie kitanda, kabati, tangi la maji na mahali pa jiko, ili awachukue mkewe na watoto wake wakalale porini bila ya kutafuta nyumba ya wageni, huenda akadhani kwamba jambo analolifanya ni jipya, lililokuja kutoka ng'ambo pamoja na gari lenyewe. Dhana hiyo si sahihi. Nchi iliyo chini ya milima ya Uluguru ni nchi ya wasafiri tangu zama za mababu, na fikra ya kusafiri na maskani yako, yaani malazi, chakula, maji na vyombo vya kupikia, ilikwisha kukaa hapa kabla gurudumu la kwanza halijakanyaga udongo wake. Kilichobadilika ni yule anayeyabeba maskani hayo. Nimeona ni wajibu kuisimulia tarehe hiyo, kwani mtu asiyejua ni nani aliyeubeba mzigo wa jana hawezi kuupima vema mzigo wake wa leo.

Sharti kwanza tuyatazame maumbile ya nchi yenyewe. Uluguru ni safu ya milima isimamayo peke yake, tambarare zikiizunguka, kilele chake cha Kimhandu kikipita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na mito yake ikishuka huku na huku kuinywesha nchi ya chini, hata mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu ambayo asili yake ni huko juu. Mtu aliyetoka pwani kwenda bara hakuwa na haja ya kuipanda milima hiyo. Ilimtosha kuizunguka, na kwa sababu hiyo njia za misafara zilikuwa mbili. Moja ilishika upande wa kusini-mashariki, chini ya milima, mpaka Zungomero katika nchi ya Ukutu, upande wa Kisaki ya leo, nayo ndiyo waliyoipita Waingereza Burton na Speke mwaka 1857. Ya pili ilipita kaskazini, ikavuka mto Ngerengere, ikaugusa mji wa Simbamwene ulio karibu na Morogoro ya sasa, kisha ikaingia mbuga ya Mkata, ambayo wakati wa masika hugeuka kuwa bahari ya matope. Hii ya pili ndiyo aliyoishika Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo na kundi lake la mwisho tarehe 21 Machi 1871 kwenda kumtafuta Dokta Livingstone.

Maandalio ya safari ya namna hiyo yalikuwa elimu kamili, na waliokuwa na elimu hiyo walikuwa wafanyabiashara wa Unguja na Bagamoyo pamoja na wapagazi wenyewe. Kitu cha kwanza kilichonunuliwa kilikuwa nguo, kwa maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Msafiri alinunua merikani na kaniki kwa doti, na kila doti ilikuwa yadi nne. Akanunua ushanga wa rangi mbalimbali, akichagua kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa rangi iliyopendwa katika nchi moja ilikataliwa katika nchi ya pili, na mwenye kukosea katika uchaguzi huo alijikuta kati ya watu wenye chakula tele, naye ana mali isiyotakiwa. Tena akanunua masango, yaani waya za shaba, kwa ajili ya nchi za mbali zaidi. Baada ya hayo zikafuata hema, sufuria, dawa, bunduki na baruti. Vyote vikapimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, na mpagazi akapewa takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32 kwa hesabu yetu ya sasa. Umbo la mzigo lilifuata mwili wa mbebaji: nguo zilifungwa zikakazwa mpaka mtumba ukawa mgumu kama gogo, ushanga ukatiwa katika mifuko mirefu myembamba iliyolala vizuri begani, na masango yakatundikwa kwenye ncha mbili za mti ili uzito ulingane mbele na nyuma. Hakuna kitu kilichofungwa ovyo, kwani kosa la aliyefunga Bagamoyo lililipwa na shingo ya mwenzake kila siku mpaka Tabora.

Stanley alikuwa na watu 192, waliogawanywa katika misafara mitano, pamoja na punda na farasi wawili, na mali yake yote ilikuwa karibu tani sita. Ndani ya hema lake mlikuwamo zulia la Kiajemi na ngozi ya dubu. Tunaposoma habari za vitu hivyo tusisahau kwamba kila jioni zulia lile lilitandikwa na mtu aliyekuwa amelibeba tangu alfajiri, na kwamba mtu huyo, baada ya kulitandika, alikwenda kulala juu ya majani.

Lakini wapagazi nao walikuwa na maskani yao, na hapa ndipo penye asili ya jambo tunalolizungumza. Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima na kipimo cha uanaume, hawakuwa kundi la watu waliookotwa njiani. Walikuwa mafundi wa safari, na baadhi yao waliongozana na wake zao na watoto wao. Mwanamke alichukua chungu, mkeka na unga, na mtoto aliyepata nguvu kidogo alipewa kibuyu au kuku, hata msafara ukawa kama kijiji kinachotembea. Mbele alikwenda kirangozi, amevaa mapambo yake, mwenye kuijua njia. Mnyapara aliwasimamia watu. Na kituoni waligawanyika katika makundi madogo, kila kundi likiwa na chungu chake na moto wake, wakijenga vibanda vya majani na kuvizungushia boma la miiba, ambavyo msafara ufuatao ulivikuta na kuvitumia. Walipotaka kuivuka nchi isiyo na maji walifanya tirikeza: walipika na kula kabla ya kuondoka, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo maji, na kesho yake mapema wakayafikia. Mtu wa leo anayejaza madumu yake kabla ya kuingia porini anafuata kanuni ya wazee hao, ajue asijue.

Simbamwene ulikuwa kituo cha pumziko katika njia hiyo. Aliyeuasisi ni Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, aliyeuzungushia mji wake ukuta wa mawe wenye minara, na Stanley alipofika alimkuta binti wa Kisabengo ndiye mtawala. Hapo wasafiri walinunua chakula, wakatengeneza mizigo iliyolegea, wakatoa hongo iliyowaruhusu kupita, wakajiandaa kwa taabu ya Mkata. Morogoro basi ilianza kazi yake ya kuwatengeneza wasafiri zamani sana, na gereji zilizopo leo karibu na Msamvu, njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, zimeurithi wajibu wa mji ule wa kuta.

Katika miaka hiyo hiyo walitokea watu walioona kwamba kichwa cha binadamu ni chombo dhaifu na ghali, wakataka kukibadilisha. Stanley mwenyewe alitengenezesha kigari chembamba, upana wake inchi 18, akikusudia kipite katika vijia vya mbuzi. Hakikumfaa. Kisha akamkuta mtu aliyepewa kukivuta anakwenda amekibeba kichwani chote kizima, magurudumu na mipini, kwa kuwa ameona kukibeba ni rahisi kuliko kukivuta, na Stanley akaamuru kitupwe katika matete. Mwaka 1876 Roger Price, wa chama cha wamisionari cha London, alitembea na ng'ombe kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akarudi na matumaini kwamba magari ya kukokotwa yataweza kufika bara. Lakini magari yalipopelekwa kweli mwaka uliofuata, ng'ombe wakafa kwa maradhi ya mbung'o. Mwaka 1879, kwa amri ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wakateremshwa Msasani ndovu wanne kutoka Bara Hindi, wakapelekwa Mpwapwa wakiwa na mizigo migongoni, na watu wakastaajabu sana kuwaona. Nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Njia ilivikataa vyombo vyote hivyo kwa sababu moja: vilibuniwa na watu walioipima safari kwa haja yao, wala hawakuipima kwa njia yenyewe, ambayo mpagazi, aliyeijua kwa nyayo zake, alikuwa ameipima miaka mingi.

Mwaka 1907 ndio uliokata mizizi ya upagazi mkubwa katika nchi hii. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwezi wa Desemba 1907, na mzigo uliochukua siku nyingi kufika kutoka pwani ukawa unafika kwa siku moja. Na ajabu ya majaliwa ni kwamba mwaka huo huo, tarehe 10 Agosti, Luteni Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam ndani ya motokaa iliyoundwa makusudi huko Gaggenau, Ujerumani, akidhamiria kulikata bara la Afrika mpaka bahari ya magharibi. Gari lile liliinuliwa juu ili lipite penye mawe na visiki, likatayarishwa kuchukua vitu vya kambi, na petroli yake ikawekwa akiba mbele yake katika vituo vya njiani. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, na vitabu vinamtaja kuwa mtu wa kwanza kulivuka bara hili kwa motokaa. Sawa, lakini katika nchi zisizokuwa na reli wala barabara, akiba ile ya petroli ilipelekwa na nani? Gari la kwanza la safari ndefu katika nchi yetu lilikwenda likifuata nyayo za wapagazi, nalo likala chakula kilichobebwa vichwani.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku, mambo yakarudi nyuma kwa namna ya kuhuzunisha. Jeshi la Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, nao Wajerumani wakarudi kusini kuizunguka milima, wakifuatwa mpaka Kisaki katika mwezi wa Septemba. Malori yalikuwepo, lakini mvua zilipokuja malori yalizama katika tope, na serikali zote mbili zikamrudia mtu. Wapagazi wa vita hiyo walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kwa homa na kwa tumbo la kuhara zaidi kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo, tunalolitamka kila siku tunapokwenda sokoni Dar es Salaam, ni jina la kikosi chao lililogeuzwa na ndimi zetu. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliuawa katika vita hiyo hiyo huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, na mwaka 1922 pori kubwa la wanyama likapewa jina lake. Wapagazi waliokufa katika njia ile ile hawakupewa pori, na kumbukumbu yao imebaki katika jina la soko.

Baada ya vita ndipo lori likapata nafasi yake. Barabara zikafunguliwa, mashamba ya mkonge ya Kingolwira, Ngerengere na Kimamba yakataka uchukuzi, na wenye tijara, wengi wao Wahindi na Waarabu, wakaagiza magari. Katika zama hizo mtu aliweza kununua chesesi na injini tu, na bodi ikatengenezwa hapa hapa nchini na maseremala, Makalasinga kwa wenyeji, kwa mbao ngumu na vyuma. Utaratibu huo ulikuwa na hekima, kwani fundi aliyeikaa nchi hii alijua kwamba ubao ukivunjika Kisaki utapatikana mwingine Kisaki, ilhali kitu kilichotoka ng'ambo kikivunjika kitangoja meli. Akaweka turubali la kuvuta wakati wa mvua, kamba za kufungia, sanduku la vyombo, na ngazi nyuma; na juu ya shehena akakaa utingo, ambaye ndiye mrithi wa mpagazi, kwa kuwa yeye ndiye apakiaye, ashushaye, atiaye gogo nyuma ya gurudumu mlimani, achotaye maji ya rejeta mtoni, na apikaye ugali gari linapolala.

Lori likawa nyumba hasa baada ya tarehe 11 Novemba 1965, pale walowezi wa Rodesia walipojitangazia uhuru wao wa dhuluma, na Zambia, iliyokuwa imefungiwa njia ya kusini, ikalazimika kuleta mafuta na bidhaa kwa barabara ya Morogoro, Iringa na Mbeya. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya utelezi masika. Malori yalifuatana usiku na mchana, na wengi walipoteza maisha yao makorongoni. Dereva wa wakati huo aliishi ndani ya gari lake kwa majuma. Godoro lilikunjwa nyuma ya kiti, jiko la mkaa lilining'inizwa chini ya bodi, dumu la maji lilifungwa ubavuni, sufuria na kata zilikuwa na mahali pake pasipobadilika, na chandarua kilifungwa kati ya kioo na usukani. Kila kilichomo kilikuwa na kazi, na kisichokuwa na kazi kiliteremshwa. Wala hapakuwa na mchoraji aliyewachorea. Walijifunza kwa dhiki, kama wapagazi walivyojifunza.

Barabara hiyo ilipokwisha kutiwa lami, na Mbuga ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika nchi ile ile ya Mkata iliyomtesa Stanley, ikawa yapitiwa na gari la kawaida, safari ikaanza kuwa na maana nyingine. Mwalimu, karani na mwenye duka wakaanza kufikiri kuwapeleka watoto wao wakaone tembo na twiga, siyo kwa tijara wala kwa amri ya mtu, bali kwa furaha na elimu. Hilo ni jambo tukufu, kwani katika tarehe yote niliyoisimulia, mtu wetu alisafiri kwa kuwa ana mzigo wa kufikisha. Sasa kwa mara ya kwanza anaweza kusafiri kwa kuwa ana macho ya kutazama.

Basi narudi kwa yule mwenye gari. Asemayo mpagazi wa zamani kwa matendo yake ni haya: ipime njia kwanza, kisha upime mzigo, na mwisho ndipo ununue chombo. Tuseme amekusudia kwenda Kisaki kwa njia ya Matombo na Mvuha, akalale karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa kutoka Selous mwaka 2019. Njia hiyo ina miteremko, madaraja membamba na udongo unaoteleza, wala haimpendi mwenye bodi ndefu iliyopita nyuma ya gurudumu, au iliyoinuka ikawa kama mnara. Vitu vizito, yaani maji, betri na sanduku la vyombo, na viwekwe chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Vyepesi, kama magodoro na nguo, vipande juu. Pipa moja la maji la lita 200 lina uzito wa kilo 200, nazo ni mizigo ya wapagazi sita na zaidi. Gari la tani tatu linabeba walichobeba wapagazi zaidi ya 90, na mawili ya namna hiyo yangeuchukua karibu msafara wote wa Stanley pamoja na zulia lake. Ningependa kila mwenye kutengeneza gari la safari ahesabu hivyo, kwa vichwa vya watu. Akifika kwenye kiti cha nane, au sanduku la barafu la pili, ajiulize: kama kitu hiki kingepaswa kubebwa begani na mwanadamu mpaka Kisaki, ningekichukua? Ajibu kwa haki, na gari lake litakuwa jepesi, salama, lenye kupanda kilima bila ya kulia.

Na afikapo mahali ambapo njia ya gari inakoma, kwani katika Uluguru vijiji vingi bado viko juu ya mwisho wa barabara, azime injini akae kando kidogo. Asubuhi ataona kinamama wakishuka na vikapu vya ndizi, mboga na matunda vichwani, katika vijia vyembamba, migongo imenyooka, wakiutafuta mnada na soko la mjini. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, maana yake ubebwapo na mwingine tunauona mwepesi. Basi awaonyeshe watoto wake akina mama wale, awaambie kwamba kitanda walicholalia usiku, maji waliyonawia na sufuria iliyopikiwa chai yao vilikuwa, kabla ya gari hili, juu ya vichwa kama hivyo. Kisha, kama kuna nafasi garini kwa kuwa alipakia kwa kiasi, awasubiri kinamama wafike chini, awapokee vikapu vyao, awapeleke Morogoro.